Nilivyomwandika Mama Mkubwa kuwa si maskini

Siku niliyomwandika Mama Mkubwa kuwa si maskini, sikuandika uongo hata mmoja. Niliandika nilichokiona: viti sita vya mbao vyenye mito, zulia jekundu, kabati la vyombo lenye kioo, termosi mbili, televisheni juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma. Pazia la lesi dirishani. Udi ukifuka kwenye kona. Nilipofika kwenye swali la chakula cha jana, alinijibu kwa sauti ya mtu anayejiamini, "Wali na nyama, alhamdulillahi," nami nikaandika wali na nyama.

Si ndugu yangu wa damu. Namwita Mama Mkubwa kwa sababu yeye na mama yangu waliishi Buyenzi, mtaa wa Waswahili, wakitenganishwa na ukuta mmoja wa matofali, na kwa miaka yote ya utoto wangu sikujua kwa hakika chumvi iliyokuwa jikoni kwetu ni ya nani. Mama alipofariki, ni yeye aliyemwosha. Mumewe alikuwa fundi wa magari na alikufa mapema. Kwa zaidi ya miaka thelathini Mama Mkubwa alipanda kila asubuhi kwenda Kiriri, kwenye nyumba za kilimani zinazolitazama ziwa kwa chini, kupikia familia za wakubwa, na kila jioni alishuka na harufu ya siagi nguoni. Kisha akazeeka, akaambiwa apumzike, akapumzika.

Sasa ana sukari. Mwaka huu kidole gumba cha mguu wa kushoto kilitoka lengelenge, lengelenge likawa kidonda, kidonda kikapanda. Muuguzi wa kituo cha afya alimwambia wazi kwamba asipolazwa hospitali na kusafishwa ndani mpaka kwenye nyama nzima, mguu utakatwa. Hospitali hailazi mtu bila malipo ya mbele, isipokuwa mwenye kadi ya wasio na uwezo. Mama Mkubwa hakuwa na malipo ya mbele wala ya nyuma. Kwa hiyo jambo lenyewe lilikuwa fupi: apate kadi, au apoteze mguu.

Na mimi nilikuwa mmoja wa watu waliopita nyumba kwa nyumba kuamua nani aipate.

Kazi yangu ni ualimu wa historia. Likizo ile nilichukua kibarua kwenye mradi wa shirika moja lililokuwa likisaidia kuandaa orodha za kadi. Tulipewa mafunzo siku mbili katika ukumbi wa mjini. Mkufunzi alikuwa Mmarekani mweusi, mama wa makamo mwenye Kifaransa cha polepole, aliyevaa viatu vya mtu aliyezoea kutembea. Tulidhani ataanza na tableti zilizopangwa mezani. Alianza na nyanya yake.

Nyanya huyo, alisema, alifua na kupika katika nyumba za watu weupe kusini mwa Marekani tangu akiwa msichana mdogo. Uchumi wa nchi ulipoanguka, benki zikafungwa na watu wakapanga foleni za supu, serikali ya huko ilitunga sheria ya pensheni ya uzeeni. Lilikuwa jambo kubwa ambalo nchi ile haikuwahi kulifanya. Lakini sheria hiyo iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wafanyakazi wa majumbani.

"Shambani na jikoni," alisema. "Huko ndiko watu wetu wengi walikokuwa."

Nilihisi aibu. Kila mwaka huifundisha sheria hiyo kwa darasa la mwisho. Ubaoni huchukua mstari mmoja: Marekani yaanzisha pensheni kwa wazee. Wanafunzi hunakili, kisha tunaingia kwenye somo la vita. Jikoni sikuwahi kupaandika. Nikainua mkono nikauliza kwa nini hao waliachwa.

"Inategemea unamuuliza nani," alijibu. Wako wanaosema ilikuwa shida ya kukusanya michango nyumba moja moja. Wako wanaosema wabunge wa kusini hawakutaka mpishi wala mchuma pamba awe na kitu cha kumfanya aweze kukataa kazi. Miaka mingi baadaye waliingizwa, na wengi wao walikuwa wameshazeeka. "Nyanya yangu alipika mpaka siku aliyoanguka jikoni. Hilo ndilo ninalolijua mimi."

Siku ya pili alituambia kuhusu msaada mwingine uliobaki kwa maskini wa aina hiyo, msaada unaokuja pamoja na mkaguzi. Wakaguzi waliingia majumbani bila hodi. Mahali pengine walifungua kabati kutafuta viatu vya kiume, maana mama aliyekutwa na mwanamume ndani alinyimwa msaada wa watoto wake. Alipofika hapo akasema kwamba mtu anayejua atakaguliwa lazima atafanya jambo fulani na nyumba yake, na kazi yetu ni kujua ni jambo gani. Niliiandika sentensi hiyo kwenye daftari langu na kuipigia mstari chini.

Wiki ya kwanza tulipelekwa Ruziba, kusini, kwa wavuvi na wakulima wa kando ya ziwa. Mwenzangu alikuwa kijana wa takwimu, mtu wa milimani, mpole, aliyeniita madamu hata tulipokuwa tumekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa tukila mihogo. Tulifanya kazi wawili wawili: mmoja anauliza, mwingine anatazama. Ruziba wameshapitiwa na miradi mingi na wanaijua kazi. Baiskeli zilikuwa zimepelekwa kwa shemeji. Redio zilikuwa zimefungwa kwenye magunia. Mzee mmoja alituapia kwamba hana mnyama hata mmoja, na hapohapo mbuzi akalia chumbani.

"Na huyo, mzee?" mwenzangu akauliza.

"Huyo? Huyo wa jirani. Amekuja kusalimia."

"Analala humu?"

"Eh! Wageni wengine hawana haya."

Tulicheka mpaka mzee naye akacheka, na mwenzangu akaandika mbuzi mmoja. Nilirudi nyumbani kwangu Gasenyi jioni ile nikiwa na furaha ya kijinga, furaha ya mtu anayeamini ameshajua jambo ambalo watu hulifanya na nyumba zao. Wanaficha. Basi, nikajiambia, ndilo hilo.

Wiki ya pili tukaingia Buyenzi.

Siku tatu kabla yetu, shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, alikuwa amepita kwenye avenyu ya Mama Mkubwa akitangaza kwamba wageni watakuja kuangalia hali za watu. Alitumia neno hilo, wageni, na kwa Buyenzi neno hilo linatosha. Huko mgeni mwenye heshima hapokewi na nyumba moja. Wakija watu wa posa, au ujumbe wa msiba kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, avenyu nzima hutoa vitu. Viti vinatoka kwa huyu, zulia kwa yule, vikombe vya kioo kwa mwanamke aliyewahi kwenda hija, na kesho yake kila kitu kinarudi kwa mwenyewe bila mtu kusema neno. Wazazi wa mume wangu walipokuja kuniposa walikalia makochi ya fundi cherehani. Mpaka leo mama mkwe wangu husifia makochi yale.

Kwa hiyo nisiseme sikujua. Kabati lile lenye kioo nililijua tangu nikiwa na miaka minane, lilikuwa la muuza maandazi wa nyumba ya tatu. Zulia jekundu lilikuwa la fundi cherehani. Mama Mkubwa alikuwa amevaa kitenge chake kizuri, amekaa wima kwenye kiti cha katikati, mguu wa kushoto ameufunika kwa upindo wa nguo. Udi ulikuwa wa kuficha harufu ya kidonda. Alinitazama mara moja tu, nilipoingia. Macho yale nimeyajua maisha yangu yote. Ni macho ya kumwambia mtoto, mbele ya watu, kwamba asithubutu.

Mwenzangu alitazama kuta, akatazama televisheni. Mimi niliuliza.

"Kuna mgonjwa nyumbani?"

"Sukari kidogo tu, ya uzee. Nani hana? Kunywa chai, mwanangu, itapoa."

Niliandika sukari. Nilifikiri sukari itatosha. Nilifikiri kwamba mashine ya kujumlisha majibu, iliyotengenezwa na watu wenye akili, itajua kupima mguu dhidi ya kabati, na kwamba ningeweza kumpa vyote viwili, heshima yake na kadi yake, kwa kukaa kimya tu. Hilo ndilo kosa langu, na nililifanya nikiwa na daftari lenye ile sentensi iliyopigiwa mstari ndani ya mkoba.

Orodha ilibandikwa ukutani kwenye ofisi ya kartie siku ya Alhamisi. Mzee wa Ruziba, nilisikia baadaye, alipata kadi pamoja na mbuzi wake. Jina la Mama Mkubwa halikuwemo. Jioni alinitumia ujumbe niende. Viti vilikuwa vimesharudi kwa wenyewe, akanikalisha juu ya mkeka, naye akaegemea ukuta mguu ukiwa umenyooshwa, umefungwa kitambaa kilichokuwa na madoa.

"Jina yangu iko wapi, mwanangu?"

Nikamweleza kuhusu alama. Kila kitu ndani ya nyumba kina alama zake, na alama zikizidi kiwango fulani mtu si maskini tena. Alinisikiliza bila kunikatiza, kama alivyokuwa akisikiliza redio.

"Uliona zulia, ukaandika zulia?"

"Ndiyo, mama."

"Na unajua zulia ni ya nani."

"Najua."

"Wallahi, huyu mutoto!" Akapiga mapaja. "Nilikupokea kama mugeni. Tangu lini mugeni anahesabu viti?"

"Na wewe, mama, tangu lini unakula wali na nyama?"

Alicheka kidogo, bila kutaka. "Sasa ulitaka niseme mbele ya ule kijana wa watu? Niseme nilikunywa chai na mukate ya juzi? Aende kwao akaseme Waswahili wa Buyenzi wanalala njaa?"

"Mguu lakini, mama. Kwa nini uliufunika?"

"Unanuka," akasema.

Kulikuwa na njia ya rufaa. Ziara ya pili, isiyotangazwa, ingefanywa na mwenzangu pamoja na shefu wa kartie, bila mimi kushika tableti. Ningeweza kupeleka barua za kuthibitisha kwamba hana kipato cha uzeeni. Na kulikuwa na ukurasa wa mwisho wa fomu, unaoitwa ushahidi: mtu wa avenyu, au aliyekulia hapo, anaweza kusema anachokijua kuhusu nyumba hiyo, lakini aseme kwa sauti, ndani ya nyumba hiyo, mbele ya mwenyewe. Mradi ulikuwa umeuweka kuzuia fitina za pembeni. Ulikuwa umefikiriwa vizuri, huo ukurasa.

Nilianza na barua. Wiki ile petroli haikuwepo mjini, magari yalikuwa yamelala foleni barabarani na madereva wakicheza karata juu ya boneti, kwa hiyo nilipanda Kiriri kwa miguu, njia aliyoipanda yeye. Nilisimama mara nne kupumua. Nyumba ya mwisho aliyoifanyia kazi ilikuwa na maua mekundu ukutani na mlinzi mwenye adabu. Mama mwenye nyumba alinipokea vizuri, akaniketisha barazani. Nilipotaja jina, uso ulimchangamka.

"Huyo alikuwa mtu wa familia! Watoto wangu walimwita nyanya. Ile sambusa yake, mpaka leo watoto huko Brussels wanaiulizia. Hajambo?"

Nikasema anaumwa, na sababu ya kuja kwangu. Nilihitaji maandishi mafupi: kwamba alifanya kazi pale miaka mingapi, na kama alikuwa amesajiliwa kwenye mfuko wa pensheni.

"Kusajiliwa?" Alinitazama kama niliyetaja desturi ya nchi nyingine. "Mpishi? Mwalimu, nani anasajili mpishi? Wewe wako umemsajili?"

Swali lilinipata mahali pake. Nina msichana anayenifulia na kunipikia Gasenyi, na sijamsajili popote. Sheria inasema nini kuhusu jambo hilo sijui vizuri, na kutojua kwangu ni sehemu ya jibu. Nilikunywa maji ya matunda ya marakuja aliyotuletea mpishi mpya, mwanamke wa umri wangu, ambaye aliweka glasi na kuondoka bila sisi wawili kumsemesha. Kuhusu barua, mwenye nyumba alisema itabidi amuulize bwana kwanza, mambo ya kuandika ni ya bwana. Akanipa mfuko wenye mashuka mawili safi na kopo la maziwa ya unga. Alikuwa na huruma ya kweli. Barua haikuja.

Nilishuka na mfuko ule nikimfikiria nyanya wa mkufunzi. Sina uhakika kama ni halali kulinganisha. Huko kulikuwa na sheria iliyoandikwa, na watu waliokaa mezani kuamua nani atolewe. Kwetu sikuona meza yoyote. Nilichokiona ni baraza nzuri, na watu wema wawili wakinywa marakuja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulifikiria jambo lile mpaka siku hiyo. Wakati wote wa kushuka nilijiuliza lipi kati ya hayo mawili ni rahisi kulirekebisha.

Kidonda kilikuwa kimepita kifundo cha kidole. Muuguzi alisema wiki mbili, labda pungufu.

Nilikwenda kwa majirani mmoja mmoja kuwaomba watoe ushahidi. Muuza maandazi alikuwa akikanda unga, hakuacha.

"Niseme nini?"

"Kwamba kabati ni lako."

"Mbele yake?"

"Mbele yake. Ndiyo kanuni."

"Apana." Akageuza unga. "Mi mwaka ule niliozesha binti, sahani zote zilikuwa za kwake. Alisimama pale mulangoni akasifia sahani zangu. Zangu! Sasa mi niende kwake niseme hii kabati si yako? Mungu aniepushe."

Fundi cherehani naye alikataa, kwa maneno laini zaidi. Alinikumbusha jinsi zaka inavyotolewa pale kwao: bahasha inapita chini ya mlango, au inawekwa ndani ya mfuko wa mchele, na aliyetoa akikutana na aliyepewa wanaulizana habari za mvua. "Musikiti inamupa kila Ramadhani," alisema. "Mutu hajui. Hata mi sijui." Kisha akainama kwenye cherehani yake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akizipeleka.

Ziara ya pili ilikuja asubuhi ya Jumanne, bila tangazo, kama kanuni ilivyotaka. Mwenzangu alinipigia simu akiwa tayari barabarani, kwa kuwa mtoa ushahidi anaruhusiwa kuwepo. Nilimkuta kwenye kona ya avenyu akisalimiana na shefu wa kartie. Salamu za Buyenzi si fupi. Shefu aliulizia safari, akaulizia milimani, akaulizia mvua na mazao na petroli, na wakati anaulizia nikaona, juu ya ukuta wa ua wa tatu, pembe ya kitu chekundu ikinyanyuka. Zulia lilivuka ukuta kama mtu anayeruka uzio. Nyuma yake vikaenda viti, kimoja kimoja, miguu juu. Mwanamke alikatiza barabara na termosi chini ya mtandio wake akitazama mbinguni. Walikuwa na dakika kama nane, na zikawatosha. Kabati tu ndilo halikuwahi, na lilibaki uchochoroni likiwa limeshikwa na wanaume wawili ambao, walipotuona, walianza kulisifia kama wanunuzi.

Mwenzangu aliona kila kitu. Hakucheka.

Ndani, Mama Mkubwa alikuwa amevalishwa kitenge, pumzi zikimwenda mbio. Mguu ulikuwa umefunikwa, udi umeshawashwa. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni, nyuso zao zina ushindi. Nimejaribu kuwakasirikia watu hao na sijaweza. Walikuwa wamekuja kumfunika mwenzao.

"Mama," mwenzangu akasema taratibu, "vitu hivi ni vya nyumba hii?"

"Vya nani tena?" muuza maandazi akajibu kutoka mlangoni.

"Namuuliza mama."

"Ni vya nyumba," akasema Mama Mkubwa.

Mwenzangu akafungua ukurasa wa mwisho. "Kuna mtu mwenye ushahidi?"

Shefu alitazama dari. Mama Mkubwa alinitazama, na yalikuwa macho yaleyale ya kumwambia mtoto asithubutu. Nilijua kwamba nikinyamaza ataniita mwanangu mpaka kufa kwake, na kwamba kufa kwake hakutakuwa mbali.

Nikasema. Nilisema kwa utaratibu, kama ninavyofanya kila kitu. Zulia la fundi cherehani. Viti vinne vya nyumba ya pili, viwili vya nyumba ya tano. Termosi za huyu na huyu. Televisheni haiwaki, ni ya yule. Ile jana ya ziara ya kwanza hakula wali wala nyama. Miaka zaidi ya thelathini alipika Kiriri na hana pensheni. Mchele wake wa Ramadhani hutoka msikitini. Niliposema hilo la mwisho nilisikia mtu mlangoni akivuta pumzi, na fundi cherehani akaondoka. Sikulazimika kulisema hilo. Zulia na viti vingetosha. Nilikuwa nimeshaanza kuorodhesha na sikujua pa kukomea.

"Na mguu," nikasema. "Mwombeni awaonyeshe mguu."

"Basi," akasema Mama Mkubwa. "Imetosha, mwalimu."

Hakuwahi kuniita mwalimu. Akainama mwenyewe, akafunua upindo wa kitenge, akafungua kitambaa mzunguko baada ya mzunguko mpaka mwisho. Harufu ikaupita udi. Waliokuwa mlangoni walirudi nyuma.

"Tazameni basi," akasema. "Muandike vizuri. Musisahau kitu."

Mwenzangu aliandika. Nikamwona akifuta na kuandika tena. Kadi ilitoka siku tatu baadaye.

Nilimpeleka hospitali mimi, kwa teksi iliyobahatika kupata petroli, na njiani tuliongea kuhusu vizuizi vya barabarani. Mapokezi kulikuwa na mabenchi ya pande mbili. Karani, bila ubaya wowote, kwa sauti ya mtu aliyechoka, alisoma kadi na kuita ili kila mtu ajue njia: "Wasio na uwezo, upande wa dirisha!" Upande wa pili, wa wanaolipa, walikuwepo watu wawili wa avenyu yetu. Walimsalimia. Akaitikia salamu kamili, akaulizia watoto wao, kisha akatembea kwa fimbo mpaka dirishani na kukaa kati ya mwanamke mwenye mtoto mchanga na mzee aliyekuwa akisinzia. Nilipotaka kuketi karibu naye aliweka mkono juu ya benchi.

"We apana kukaa hapa. Nenda kule, kwa wenye kulipa."

Nikaenda kule. Nilikaa saa tatu nikimtazama kwa mbali. Walimwita jina lake lote, akaingia bila kugeuka.

Walikata vidole viwili na kusafisha mpaka kwenye nyama nzima, na mguu ukabaki. Daktari alisema angechelewa wiki moja zaidi pasingekuwa na la kuokoa. Shule zilipofunguliwa nilifika kwenye ile sheria ya Marekani na mstari wangu mmoja ukawa somo la siku mbili. Msichana wangu wa Gasenyi nimemwambia kwamba nitaulizia namna ya kumsajili. Naandika haya sijaulizia bado.

Mama Mkubwa anatembea. Anakwenda sokoni, anakwenda misibani, juzi nimemwona akivuka barabara mbele ya pikipiki na kumtukana dereva wake. Ninakwenda kumsalimia kila Ijumaa. Akisikia hodi yangu hunyanyuka haraka, mguu ule ule, na kutoka kunipokea mlangoni kabla sijavua viatu. Tunaulizana habari za mvua. Huniuliza kazi, huniuliza wanafunzi, hunitakia heri kwa maneno yote yanayostahili, sote wawili tumesimama nje, mkono wake mmoja umeshika mwimo wa mlango. Halafu huniambia kwamba jua limekuwa kali, nisichelewe.